Kwa nini kila ofisi ya serikali huku Nyanda za Juu ina ramani yake? Tuchague programu moja yaishe

Kijana wa Mafiat #1
Wakuu, habari za jioni.

Nafanya vibarua vya TEHAMA hapa Mbeya na siku hizi kazi nyingi ninazopata ni za ramani. Kuna halmashauri moja (sitaitaja, msiniulize) nimekuta wapima wako kwenye AutoCAD, mipango miji wako ArcMap, watu wa maji wana QGIS (zote tatu ni programu za kuchorea ramani), mapato wana mfumo wa mtandaoni ulioletwa na mradi, na mhusika wa maafa ana Google Earth kwenye kompyuta yake binafsi. Mtaa ni uleule, barabara ni ileile. Ukizipandanisha ramani zao, barabara moja inakuwa tano.

Wenzetu huko nje makampuni yenyewe yanaungana. Intergraph, iliyokuwa inawauzia polisi na zimamoto mifumo ya kupokea simu za dharura, ilinunuliwa na Hexagon ya Sweden mwaka 2010 kwa dola bilioni 2 na ushee. Baada ya hapo wakaiingiza ERDAS, ile ya kusoma picha za satelaiti. Yaani mteja wa serikali anaingia mlango mmoja anatoka na kila kitu: ramani, picha, simu za dharura, magari ya doria.

Sasa sisi tunashindwa nini? Hoja yangu ni kwamba serikali ichague jukwaa moja litumike kuanzia ardhi hadi zimamoto, nyingine zote zipigwe marufuku maofisini. Nipingeni kwa hoja.

Napita Tu #2
Nimeshaweka kiti. Wataalamu mje.

Mpima Mstaafu #3
Kamwene. Barabara yako haikuwa tano kwa sababu ya programu tano, kijana.

Ramani za zamani za upimaji nchini zimejengwa juu ya Arc 1960, yaani mfumo wa zamani wa kutaja mahali ardhini. GPS ya simu yako inasoma WGS 84, mfumo wa satelaiti. Kwa huku kwetu tofauti ya hizo mbili ardhini ni karibu mita 300. Chukua kiwanja kilichopimwa miaka ya 1980 pale Sokomatola, kimwage juu ya picha ya satelaiti bila kukibadilisha, kitaangukia mtaa mwingine. Nunua programu ya dola milioni moja, kitaangukia palepale. Na sasa kuna TAREF11, mfumo mpya wa taifa, juu ya hizo mbili, kwa hiyo vijana wana mahali patatu pa kukosea.

Halafu kuna kanda. Nchi yetu imekatwa katika kanda tatu za UTM, kila moja ina upana wa nyuzi sita na hesabu zake: 35, 36 na 37. Mpaka wa 36 na 37 ni longitudo ya nyuzi 36 mashariki. Mbeya iko 36, Iringa mjini iko 36. Ukitoka Iringa kuelekea Morogoro, maeneo ya Ilula mstari unapita, na ukifika Kitonga umeshaingia 37. Wilaya ya Kilolo peke yake inakaa kanda mbili. Mtu aliyezoea kazi za Mbeya akipewa viwianishi (namba za mahali) vya Kitonga akavisoma kama kanda 36, ajali inahama nyuzi sita kuelekea magharibi. Inaenda kutua Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo.

Hilo programu moja haliondoi. Utakosea kwa umoja na mshikamano.

Dereva wa Semi #4
Hahaha mzee #3, kwa hiyo zimamoto waje na boti?

Mimi nazungumza kama mtu wa barabara ya TANZAM. Lori la mwenzetu lilifeli breki kwenye mteremko wa Kitonga usiku. Tukapiga simu ya msaada. Wa upande wa pili anauliza: uko kijiji gani, kata gani? Sasa mimi dereva wa Tunduma kwenda Dar kata nitaijulia wapi? Nikamwambia nguzo ya kilomita, akawa hana orodha ya nguzo. Nikamwambia kona, akauliza kona ipi. Simu ninayo mkononi, inajua nilipo kuliko ninavyojua mimi, lakini hapakuwa na njia ya kumrushia ile nukta akaiona.

Hizo programu zenu mnazogombania sijui hata moja. Nataka nikisema "Kitonga kona ya tatu kutoka juu" mtu aione.

Kijana wa Mafiat #5
Mpima, shikamoo. Lakini hebu ona, unaniunga mkono bila kutaka. Jukwaa likiwa moja, mfumo wa viwianishi unawekwa mara moja na aliyeko juu, wa chini hana ruhusa ya kuuchezea. Kosa la kanda linatokea kwa sababu kila mtu anajichagulia.

Dereva, kesi yako ndiyo hasa niliyokuwa naisema. Simu, ramani na gari la uokoaji vipo sehemu tatu.

Dada wa Masijala #6
Nimefanya kazi ofisi ya ardhi, naomba niseme jambo ambalo wanaume wa humu wanalizunguka. Sababu ni miradi.

Mfadhili anakuja na fedha, mshauri wake, na programu ambayo huyo mshauri anaijua. Hakuna anayekuuliza una nini tayari. Mafunzo yanafanyika hotelini, vifaa vinagawiwa, picha ya pamoja, basi. Mradi unaofuata nao unaanza ukurasa wa kwanza.

Sikatai kwamba ipo iliyofanya kazi nzuri. Iringa vijijini, kuanzia Ilalasimba mwaka 2014, walikuja na MAST, programu ya simu ya kupimia ardhi. Wanakijiji wenyewe walitembea na simu wakipima mipaka ya mashamba yao, majirani wakishuhudia, hadi hati za kimila zikatoka. Iliandikwa kwa programu huria. Mimi ninachouliza kwa kila mradi ni kilekile: wakishafunga mabegi, seva inabaki kwa nani na nywila anayo nani?

Jibu la ofisi niliyokuwepo: nywila alikuwa nayo kijana wa mkataba, mkataba ukaisha.

Ndaga Fijo #7
Dada #6 umemaliza. Ndaga.

Kuku wa Kisasa #8
Mleta uzi rekebisha historia yako. Intergraph haikuanza na polisi. Ilianza 1969 kule Huntsville, Alabama, ikiitwa M&S Computing, na waanzilishi wake walitoka IBM walikokuwa wanashughulikia roketi ya Saturn. Ramani na dharura vilikuja baadaye.

ERDAS nayo haikusubiri Intergraph ndipo iingie. Leica Geosystems waliinunua mwaka 2001, Leica yenyewe ikamezwa na Hexagon 2005. Kwa hiyo Hexagon alikuwa na ERDAS mfukoni miaka mitano kabla. Alichofanya baada ya 2010 ni kuwaweka watoto wa mama wawili chumba kimoja.

Na ukiwa mteja hilo ndilo la kuogopa. Angalia MapInfo, programu nyingine ya ramani, ambayo wazee wengi wa mipango miji waliijua. Pitney Bowes waliinunua 2007. Mwaka 2019 ikauzwa kwa Syncsort, mwaka uliofuata Syncsort akabadili jina akawa Precisely. Mtu aliyekaa kwenye dawati moja Njombe muda wote huo amekuwa mteja wa makampuni matatu bila kuhama kiti. Kampuni ikiuzwa, na wewe unauzwa pamoja na samani.

Kijana wa Mafiat #9
Miaka tusigombanie. Mbona Esri, wenye ArcMap, hawajauzwa? Walianza mwaka huohuo 1969 kule Redlands, California, na hadi leo kampuni ni ya Jack Dangermond na mkewe Laura. Tuwachukue hao.

Kuku wa Kisasa #10
Hawajauzwa lakini ArcMap wameshaizika. Machi 2026 ndiyo mwisho wa msaada, kila mtu ahamie programu yao mpya, ArcGIS Pro. Hiyo halmashauri yako yenye ArcMap ina kompyuta za kuendesha Pro? Au ndiyo zile zinazowaka kuanzia saa mbili hadi saa tatu?

Mwalimu wa Itende #11
Nafundisha vijana mambo haya kwa hiyo nina la kusema, na ni refu, mnivumilie.

Mnachanganya vitu viwili. Kuna programu ya kutengenezea ramani na kuna ramani ya msingi yenyewe. Kuunganisha hakumaanishi wote mfungue dirisha linalofanana. Tangu 1994 kuna chombo kinaitwa OGC, kazi yake ni viwango: WMS kwa kuonyesha ramani, WFS kwa kupeleka data zenyewe. Seva ikifuata viwango, wa maji abaki na QGIS yake, wa ardhi abaki na ya kulipia, wote wanasoma barabara ileile kutoka sehemu ileile. PostGIS, hifadhidata ya ramani, ipo tangu 2001, QGIS ilianzishwa na Gary Sherman 2002. Zote hazina leseni ya kununua.

Ugonjwa wetu mkubwa hapa ni shepufaili, lile faili la ramani la .shp. Ofisi hazipeani huduma, zinapeana mafaili kwa flashi. Shepufaili ni ya miaka ya tisini mwanzoni. Jina la safu halizidi herufi 10. Andika "Namba_ya_kiwanja" na "Namba_ya_kitalu" kwenye jedwali moja uone. Zote zinakatwa zinakuwa Namba_ya_k, na programu ikiona zimegongana inaibatiza ya pili Namba_ya_1. Mwaka mmoja baadaye hakuna anayekumbuka ipi ni kitalu. Hapo halmashauri inampelekea bili ya kodi mtu wa Iyunga kwa kiwanja kilichoko Uyole, na anayetukanwa ni mtendaji wa mtaa.

GeoPackage, aina mpya ya faili la ramani, ipo tangu 2014, faili moja, majina marefu upendavyo. Kuwashawishi watu waiache shepufaili ni kazi kuliko kuwaachisha ulanzi watu wa Iringa.

Mnyalukolo Halisi #12
Mwalimu, ulanzi umetoka wapi kwenye mada ya viwianishi? Sisi tumekukosea nini?

Dereva wa Semi #13
Na ulanzi wenyewe unapatikana kanda ya 36 au 37?

Mpima Mstaafu #14
Kote kote, ila wa Kilolo ni bora. Turudi kwenye mada.

Afande Asiye Kazini #15
Nimewahi kukaa kwenye chumba cha kupokea simu, sitasema wapi. Mwalimu #11 yuko sawa kwa watu wa ofisini, lakini dharura ni shughuli nyingine.

Mpimaji anatafuta sentimita, na anaweza kuzisubiri. Mimi nina mtu analia kwenye simu. Natafuta vitu vitatu: yuko wapi, gari lipi liko karibu, na njia ipi inapitika. Mpaka wa kiwanja haunisaidii chochote. Nataka kujua kwamba daraja lile la mbao halibebi gari la zimamoto lenye tenki lililojaa. Nataka kujua bomba la kuchotea maji la karibu linatoa maji au limekaushwa. Vitu hivyo vinajulikana na ofisi tofauti: barabara za mitaa TARURA, barabara kuu TANROADS, maji mamlaka ya maji. Hata simu zenyewe, polisi ni 112, zimamoto 114.

Kwa hiyo kwenye usalama namuunga mkono mleta uzi nusu. Anayepokea simu awe na skrini moja. Ila kumlazimisha mpima atumie mfumo wa kupokea simu, au mimi nitumie AutoCAD, hiyo ni adhabu.

Jambo zuri lililofanyika ni anwani za makazi. Operesheni ya 2022, kabla ya sensa ya Agosti, nyumba zilipewa namba na mfumo wa NaPA ukazibeba. Nyumba ikiwa na namba na nukta yake, swali la "kata gani" linakufa.

Mama Chapati Mwanjelwa #16
Afande kaka yangu, namba ipo. Ila muulize mpangaji wa Mwanjelwa anakaa namba ngapi. Atakwambia "nyuma ya saluni ya mama fulani, geti la bluu". Moto ukiwaka ndiyo aanze kutoka nje kusoma ukutani? Na kibao cha mtaa wetu nilikiona kimeziba banda la kuku.

Dereva wa Semi #17
Kuku wa Kisasa #8 jieleze.

Kuku wa Kisasa #18
Mimi naishi Forest, banda letu lina bati.

Bibi Parachichi #19
Wajukuu, samahani naingilia. Hapa Rungwe wamekuja watu kupima mashamba ya parachichi kwa simu, wanasema bila hivyo Ulaya hawatanunua kwa sababu ya sheria ya misitu. Sasa mwaka huu wamekuja wengine tena, wanapima shamba lilelile. Hizo ramani hazisomani? Au wanatuibia?

Mwanakahawa Mbozi #20
Bibi shikamoo. Sheria hiyo ya Umoja wa Ulaya ya 2023 haigusi parachichi. Imetaja ng'ombe, kakao, kahawa, michikichi, mpira, soya na mbao. Sisi wa kahawa ndiyo wenye kihoro. Shamba la zaidi ya hekta 4 lazima lichorwe mpaka wake wote, chini ya hapo nukta moja inatosha. Parachichi kuna wanunuzi wenye masharti yao ya kufuatilia tunda limetoka wapi, pengine hao ndio waliokuja.

Ila swali lako ni zito kuliko unavyodhani. Kila mnunuzi anapima na programu yake na hampi mwenzake, kwa sababu orodha ya wakulima ndiyo mali. Mkulima mwenyewe habakizwi hata nakala. Yaani tunalalamikia serikali kumbe na soko ni vilevile.

Bibi Parachichi #21
Asante mjukuu. Nitawaambia wakija waniachie na mimi.

Msomi wa Makambako #22
Nimesoma kuanzia #1 na naona mnaikwepa sababu ya kweli. Ramani ni madaraka. Anayeshika ramani ndiye mwenye mpaka.

Njombe ilimegwa kutoka Iringa 2012, Songwe ikamegwa kutoka Mbeya 2016. Bado unakutana na majedwali yanayoiweka Mbozi ndani ya Mbeya, na kila ofisi ina toleo lake la mpaka. Nendeni Mbarali. Mwaka 2008 bonde la Usangu liliingizwa kwenye Hifadhi ya Ruaha, na mvutano wa mpaka kati ya vijiji na hifadhi ukaendelea miaka na miaka. Mnadhani pale tatizo lilikuwa QGIS? Ukiweka ramani moja ambayo wote wanaiona, lazima mtu mmoja aonekane amekosea mbele ya wote. Hakuna mkuu wa ofisi anayeharakia siku hiyo.

Sheria ya Serikali Mtandao namba 10 ya 2019 ipo, na Mamlaka ya Serikali Mtandao ipo kusimamia mifumo ya taasisi isomane. Karatasi zipo. Mtu kukabidhi data zake ni habari nyingine.

Dada wa Masijala #23
Msomi, na posho je? Mfumo mmoja maana yake mafunzo mara moja. Sijasema kitu.

Kijana wa Mafiat #24
Msomi #22 hayo ni mazito lakini naona unaifanya siasa kazi ya kiufundi. Ukisubiri wakuu wa ofisi wapendane tutazeeka. Chagua mfumo, funga mingine, watazoea.

Fundi Mkongo #25
Mleta uzi, Mei 2024 ulikuwa wapi? Nyaya za baharini zilikatika na nchi nzima intaneti ikawa ya kuokoteza. Sasa piga picha hilo jukwaa lako moja liko kwenye seva za nje, simu ya moto imeingia Mafinga, msimu wa kiangazi, msitu wa Sao Hill unaungua, na ramani inazunguka tu haifunguki. Yule wa maafa uliyemcheka #1 na faili lake kwenye kompyuta binafsi ndiye angekuwa anafanya kazi siku hiyo.

Mimi nasema iwe mifumo mitatu minne inayosomana, kila mmoja na nakala yake hapahapa mkoani.

Kijana wa Mafiat #26
Mkuu, seva ya ndani ya nchi inawezekana, nani kasema nje?

Fundi Mkongo #27
Na umeme wa hiyo seva?

Afande Asiye Kazini #28
Jenereta. Na mafuta ya jenereta ni bajeti ya nani, hapo ndipo tunarudi kwa Msomi #22.

Jirani wa Itezi #29
Naongeza moja. Aprili 2024 tope liliposhuka kutoka Mlima Kawetere likafukia nyumba kule Itezi, kila mtu mtaani alikuwa na picha na video ndani ya saa moja. Kilichokosekana kwangu mimi mkazi ni ramani ya kuniambia nyumba yangu iko kwenye mteremko gani na tope likishuka tena linapita wapi. Mwinuko wa ardhi unapatikana bure, satelaiti zilishaupima. Mmeongea programu kuanzia #1, hakuna aliyesema mwananchi ataiona vipi hiyo ramani. Au ni ya ofisini tu?

Mwalimu wa Itende #30
Swali zuri sana. Wanafunzi wangu wanaweza kuchora ramani ya mteremko wa Itezi kwa QGIS kwa siku moja, nawapa zoezi hilo. Ila kuibandika ukutani kwa mtendaji kwamba "nyumba hizi ziko hatarini" kunahitaji sahihi ya mtu, na thamani ya viwanja inashuka hapohapo. Jiandae kutukanwa na majirani wako mwenyewe.

Jirani wa Itezi #31
Watukane. Leta ramani.

Msomi wa Makambako #32
Mnaona? Mmefika mlangoni kwangu wenyewe.

Mpima Mstaafu #33
Mlango wako hauna viwianishi, Msomi.

Kwa wanaohangaika na Kilolo, nimekata kata zake kwa kanda 36 na 37 na kuzirudisha zote WGS 84. Nimeweka faili hapo chini, chukueni. Dereva, nguzo za kilomita za Kitonga ukiwa nazo zilizopigwa GPS nitumie niziongeze.

Dereva wa Semi #34
Nitazipiga nikipanda wiki ijayo mzee. Nasimama kila nguzo au nipige nikiwa natembea?

Mpima Mstaafu #35
Kitonga usisimame! Mwambie taniboi apige.

Kijana wa Mafiat #36
Mzee asante, ila faili limegoma kufunguka. Linadai .shx haipo.

Mwalimu wa Itende #37
Ametuma .shp peke yake. Mzee, mafaili ya shepufaili yanakwenda matatu pamoja, na .prj la nne, la sivyo hatutajua ni kanda ipi.

Mnyalukolo Halisi #38
Yuko Kilolo huyo. Mpeni dakika amalize kikombe.